Somo: Kusoma mawe ya mchanga ya mto na delta, bahari ilipopanda na kushuka

Naandika mara moja, kwa sababu kila wiki natumiwa picha ya jiwe na swali lilelile: "Hapa palikuwa mto au bahari?"

1. Lowanisha mwamba, piga picha, andika ulipo.

2. Pima chembe kutoka chini kwenda juu. Zikianza kubwa zikaishia ndogo, mara nyingi ni mkondo wa mto. Likianza tope likaishia mchanga, fikiria delta, yaani mchanga na tope mto unavyomwaga mdomoni mwake, iliyokuwa ikisonga kuingia majini.

3. Tafuta makombe, mashimo ya wadudu wa baharini, au mizizi.

4. Tafuta mkato, yaani mahali maji yalipochimba tabaka la chini kabla la juu halijatua. Hapa niliharibu. Nilikabidhiwa vipande vya mwamba wa kisima kimoja: mchanga wenye kokoto juu ya tope la bahari, mpaka umekatika kama kwa panga. Nikaandika kwamba bahari ilishuka, mto ukachimba bonde. Kisima cha pili, kilomita 3 pembeni, kilikuwa na tope tupu, bila mkato wala udongo wa kale. Kumbe ulikuwa mkondo wa kawaida wa delta, ambao nao hujichimbia njia kisha huhama. Wenzangu walishachora bonde lisilokuwepo.

ONYO: mkato mmoja si bonde. Bahari ikishuka kweli, alama huenea: bondeni mchanga wa mto hukaa juu ya tope la maji ya kina, na miinukoni hubaki udongo wenye mizizi wa wakati huohuo.

Waliolima mpunga Usangu wanalijua hili. Fungua mdomo wa jaruba, maji yanakimbia na kuchimba mfereji kwenye tope. Ziba tena, mchanga unatua ndani ya mfereji uleule. Bahari ikipanda hufanya hivyo bondeni.

5. Ndipo useme habari za gesi. Mchanga wa bondeni ni kama chungu cha kuhifadhi gesi, tope la bahari iliyopanda ni kifuniko. Bila kifuniko, gesi hupotea.

MASWALI

— Mkuu, sijasoma yote. Mawe mekundu ya Songwe yana gesi?
Rangi haisemi gesi. Soma hatua ya 5.

— Bahari ilishuka mita ngapi? Namba tu.
Lini? Miaka 20,000 hivi iliyopita ilikuwa chini kwa mita 120 hivi, maji yakiwa yameganda kuwa barafu nchi kavu. Usiibandike namba hiyo kwenye mawe ya Songo Songo. Yale ni ya zama za Kretasia, enzi za dinosaria.

— Shikamoo mwalimu. Niko Kyela. Ziwa Nyasa nalo likishuka, Kiwira na Lufilyo huchimba vilevile?
Marahaba mwanangu, swali zuri sana. Ndiyo. Zaidi ya miaka 70,000 iliyopita ziwa liliwahi kushuka kwa mita zaidi ya 500, na delta za wakati ule sasa zimezama chini ya maji. Tofauti ni kwamba ziwa hufuata mvua na ukame wa eneo lake, kwa hiyo hupanda na kushuka haraka kuliko bahari. Ukienda ufukweni kiangazi, angalia vijito vidogo vinavyokata mchanga, kisha rudi masika uone vilivyojaa nini.

— Tope la mfinyanzi nitalitambuaje bila maabara?
Ng'ata punje kwa meno ya mbele. Likikwaruza, lina chembe laini za mchanga. Likiteleza, ni mfinyanzi.

— Naongezea: vunja jiwe, chukua la ndani. La nje lina vumbi la barabara.