Mtazamaji akisema “hebu nizione hizo karata”

Ukitumia karata za Svengali, zile za mazingaombwe ambazo 26 ni karata ileile moja na zimekatwa fupi kidogo, usingoje kuombwa. Ukiombwa umeshachelewa, macho yote yako mikononi mwako. Badilisha mapema.

Weka karata za kawaida kwenye mfuko wa koti pamoja na makapeni: mgongo wa rangi ileile, zimechakaa kiasi kilekile. Gawa mfuko kwa kipande cha kadibodi zisichanganyike. Mtu akishachagua yake, tuseme saba ya kopa, iache mezani. Ingiza mkono wenye karata mfukoni kana kwamba unatafuta kalamu ya kumpa aisaini, acha zile, toka na hizi. Wakati huohuo mwangalie usoni umuulize jina. Ukiutazama mfuko, nao watautazama.

Wengi hukosea hesabu: za mfukoni ziwe 51, saba ya kopa umeshaitoa. Ukiisahau, mkaguzi ataikuta ya pili na mchezo umeharibika.

Mwishoni ziache tu mezani, bila kusema “kagueni”. Neno hilo ndilo huamsha shaka. Ile aliyoisaini mpe aende nayo, maana ni fupi, na ikirudi kati ya nyingine kidole chepesi kitaihisi.