Ulijifunzia ufundi saiti? Hivi ndivyo unavyoomba cheti cha VETA

Mtu aliyeanza kama saidia fundi, akashika mwiko, na leo anasimamisha nyumba toka msingi hadi lenta, hana haja ya kuanza darasa la kwanza la uashi ili apate cheti. Tanzania ipo njia ya urasimishaji wa ujuzi, chini ya Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA). Unapimwa kwa unachokijua tayari. Inaniuma kuona mafundi hodari wakipitwa na kazi za zabuni kwa kukosa karatasi tu.

Anza kwa kwenda chuo cha VETA kilicho karibu, ukiulizia urasimishaji wa fani yako: uashi, useremala, bomba, umeme, rangi. Si kila chuo kina karakana ya kila fani, hivyo unaweza kuelekezwa kwingine. Ulizia ada, na pia kama kuna awamu inayolipiwa na serikali kupitia programu ya kukuza ujuzi ya Ofisi ya Waziri Mkuu, kwa sababu nafasi hizo huja kwa matangazo na hujaa. Ukilipa mwenyewe, lipa kwa namba ya malipo ya serikali tu. Usimpe mtu fedha mkononi.

Unapojaza fomu, andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, herufi kwa herufi. Jina la utani la saiti, hata kama mji mzima unakujua kwalo, halifai hapa.

Kazi kubwa ni ushahidi, nao ukusanye kabla hujaitwa. Omba barua kwa mkandarasi au mwenye nyumba uliyemfanyia kazi, zitaje ulifanya nini, wapi na mwaka gani, na ziwe na namba ya simu inayopatikana. Picha za nyumba iliyokwisha pakwa rangi hazisemi mengi kuhusu mwashi. Piga picha ya ukuta kabla ya lipu, ili viungo vya tofali na kona vionekane. Piga na ya nondo kabla ya zege kumwagwa. Ramani uliyoijengea ikipatikana, ambatanisha nakala.

Siku ya upimaji kuna maswali na kuna kazi ya mikono. Mikononi wengi hawana shida. Wanakwama wanapoulizwa sababu. Utaulizwa kwa nini zege humwagiliwa maji siku kadhaa baada ya kumwagwa, mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) maana yake nini, utafanya nini timazi ikionyesha ukuta umelala. Jizoeze kuyaeleza kwa sauti, na mwombe mwenzako akuulize. Nenda na viatu vya kazi na kofia ngumu, maana usalama nao hupimwa, na usimamishe kona kwa pima maji hata kama jicho lako halikosei.

Ukionekana una pengo, mara nyingi ni kusoma ramani au kukadiria vifaa, utapewa mafunzo ya kuliziba kisha upimwe tena. Yakubali, ni mafupi, na ndiyo yatakayokuwezesha kumpa mteja makadirio ya maandishi.

Cheti hutolewa kwa ngazi, na baadaye unaweza kuomba ya juu zaidi. Fundi umeme akumbuke kwamba cheti si leseni: leseni ya kufunga umeme huombwa EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, na huko ndiko cheti kitakapodaiwa.