Kabla hujaenda Bonde la Jerte, Hispania: mambo ya kuzingatia

Mto Jerte unapita mkoani Cáceres, jimbo la Extremadura, magharibi mwa Hispania, kama saa tatu kwa gari kutoka Madrid. Bondeni kuna vijiji 11 na barabara kuu moja, N-110, inayoteremka kutoka kijiji cha Tornavacas hadi mji wa Plasencia. Picha za miti ya cheri ikiwa imechanua zinawavuta wengi, na wengi wao wanakwenda kichwa kichwa. Wewe usiwe mmoja wao.

Anza na majira. Maua huchanua mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili, na hayakai zaidi ya wiki mbili hivi. Kinachoamua ni baridi ya mwaka huo, kwa hiyo anayekata tiketi miezi sita kabla anabahatisha. Maua huanzia chini na kupanda mlima taratibu. Ukikuta yamepukutika Navaconcejo, kijiji cha chini bondeni, usirudi: panda hadi Piornal, kijiji kilicho juu kuliko vyote Extremadura, karibu mita 1,175, huenda ukayawahi. Nenda katikati ya wiki, maana wikiendi za maua barabara hufurika magari. Kama shida yako ni matunda yenyewe, subiri Juni au Julai.

Viza ya Schengen, bima ya safari, kofia, maji, viatu vyenye soli inayoshika: hayo usikumbushwe.

Treni inakufikisha Plasencia tu. Mabasi ya bondeni ni machache, Jumapili ndiyo usiyategemee kabisa. Uliza basi la kurudi kabla hujapanda la kwenda. Kama unakodi gari kwa leseni ya Kenya au Tanzania, beba na kibali cha kimataifa cha udereva.

Halafu saa za kula. Maduka ya vijijini hufungwa kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja. Chakula cha mchana ni saa nane hadi saa kumi, cha usiku kuanzia saa tatu. Ukiingia kijijini saa kumi na moja na watoto wenye njaa, jiko limeshazimwa, kwa hiyo beba mkate na matunda. Usiyekula nguruwe, uliza kila sahani, hata ile inayoonekana ya mboga; migas, mkate wa kukaanga wanaoupenda sana huko, huchanganywa na vipande vyake. Sema "sin cerdo", yaani bila nguruwe, waziwazi. Samaki wa mtoni, trucha, huenda akakufaa, ila naye uliza kapikwa na nini.

Sasa maji, na hapa nisikilize vizuri. Karibu na kijiji cha Jerte kuna hifadhi ya Garganta de los Infiernos, na ndani yake Los Pilones, mahali ambapo kijito kimechimba mwamba wa graniti kwa karne nyingi, mawe yakizungushwa na mkondo hadi yakatoboa mashimo ya mviringo. Ni kama kilomita tatu za kupanda kutoka kituo cha wageni, jua likikuchoma utosini. Ukifika, maji ni ya kijani, angavu, unaona hadi chini. Mtu yeyote atataka kuruka.

Kijana mmoja wa kundi letu aliruka. Amekulia Tanga, baharini ni samaki. Ilikuwa mwanzoni mwa Juni, na maji yale hushuka kutoka milima ya Gredos, theluji yake ikiwa haijaisha siku nyingi. Alipoibuka hakuweza kuvuta pumzi, akawa anahema juu juu, kinywa wazi. Akaogelea hadi ukingoni, na hapo ndipo tulipoelewa: hapakuwa na pa kushika. Ukuta wa shimo umesuguliwa ukawa laini kama kigae, na umepinda kuingia ndani. Anaweka kiganja, kinateleza. Anaweka mguu, unateleza. Vidole vikafa ganzi. Alikuwa hatua mbili kutoka tulipo na hatumfikii, na simu zote hazina mtandao. Dada mmoja alikuwa amejifunga kanga kiunoni. Akaifungua, akaisokota ikawa kamba, watu wawili wakalala kifudifudi juu ya mwamba wakairusha. Ilibidi kijana aizungushe kwapani, kwa sababu mikono ilikuwa haikamati tena. Alitoka midomo ikiwa rangi ya majivu, ngozi ya viwiko imebaki mwambani.

Basi: usiingie kabla hujaona kwa macho yako pa kutokea. Usiruke. Ingia polepole, miguu kwanza, na mtu abaki nje. Usikanyage mwamba uliolowa. Ukisikia radi milimani toka haraka hata kama ulipo kuna jua, kwa sababu mvua ya juu ndiyo inayojaza korongo.

Mashamba ya cheri yana wenyewe. Yamejengwa ngazi kwa ngazi kwa kuta za mawe. Usizipande, usivute tawi kwa ajili ya picha, usichume. Cheri zipo kwa vyama vya ushirika, nunua.

Njia ya miguu inayofuata alikopita Carlos V, aliyekuwa mfalme wa Hispania, mwaka 1556, kutoka Tornavacas hadi Jarandilla, ni karibu kilomita 28 na inaishia bonde jingine. Panga nani atakurudisha. Agosti epuka ikiwezekana: mwaka 2025 moto ulioanzia kijiji cha Jarilla ulivuka mlima ukaingia upande wa Jerte, na watu wa vijiji kadhaa wakahamishwa. Usiwashe moto popote. Namba ya dharura ni 112, na mwenyeji uliyefikia kwake mwambie unaelekea wapi na utarudi saa ngapi. Beba sweta hata kama mchana ni joto. Barabara ya Piornal ina kona nyingi, usiiendeshe umechoka, na ukikutana na kundi la mbuzi lenye mbwa, simama lipite.