Jinsi ya kuendesha duara la mazungumzo kuhusu upatanisho na watu wa asili wa Kanada (kwa sisi tuliohamia huku)

Kama uko Kanada na kikundi chenu, iwe cha kanisa, cha msikiti, chama cha kinamama au wale mnaokutana tu wikendi, mmekubaliana mkae muongee kuhusu upatanisho na watu wa asili wa nchi hii, hongereni, ila msikimbilie kumtafuta mzee wa First Nations (moja ya makundi matatu ya watu wa asili, mengine ni Inuit na Métis) aje awafundishe. Someni kwanza nyinyi wenyewe. Watu wengi wanaruka hapa, alafu unakuta mgeni ameshafika, mtu mzima wa miaka sabini na kitu, anaulizwa "kwani hizo shule za bweni zilikuwaje?" na mtu ambaye hata kugoogle hajagoogle, na huenda huyo mzee alisoma hukohuko na hajawahi kuwasimulia hata wanawe.

Kwahiyo kikao cha kwanza kiwe chenu peke yenu. Cha kujua sio kingi sana: kuanzia karne ya 19 mpaka miaka ya 1990 serikali na makanisa waliendesha shule za bweni, watoto zaidi ya 150,000 wa First Nations, Inuit na Métis wakapelekwa huko, wengi kwa nguvu, wakanyolewa nywele, wakachapwa kwa kuongea lugha zao, na maelfu hawakurudi nyumbani. Serikali iliomba radhi bungeni mwaka 2008. Tume ya Ukweli na Upatanisho chini ya jaji Murray Sinclair ikasikiliza watu zaidi ya 6,500 na mwaka 2015 ikatoa mambo 94 ya kutekelezwa. Sasa angalieni yale mawili ya mwisho, manake hayo ni yetu kabisa: la 93 linataka vitabu wanavyopewa wahamiaji wapya na mtihani wa uraia vieleze historia hii, la 94 linataka kiapo cha uraia kitaje mikataba na watu wa asili. Kiapo kilibadilishwa 2021, sasa kinataja haki zao na haki za mikataba yao. Yaani kama umeapa baada ya hapo, umeshaahidi kitu mbele ya watu na mkono umeinua. Mimi ningeanzia hapo, mtu asome kiapo kwa sauti alafu muulizane tumeahidi nini hasa.

Mjue pia mko kwenye ardhi ya nani. Walioko Winnipeg wako chini ya Mkataba namba 1 wa 1871, walioko Vancouver wako kwenye ardhi ya mataifa ya Musqueam, Squamish na Tsleil-Waututh, ambao hawakuwahi kusaini kumpa mtu. Ile taarifa ya kutambua ardhi, inayosomwa mwanzo wa kikao kutaja ardhi ni ya nani, msiisome kama tangazo la gari lililoziba njia harusini, bora sentensi mbili ambazo mnazielewa kuliko ukurasa mzima wa kukopi. Na lile jina la Wahindi Wekundu liacheni mlangoni.

Kumpata mgeni, pitieni Friendship Centre ya mji wenu (kituo cha jamii cha watu wa asili), miji mingi inayo. Ulizeni utaratibu wa hapo manake hawa ni mataifa mengi na kila moja lina yake: kwa Wacree na Waanishinaabe, kwa mfano, unapomwomba mzee kitu unampa tumbaku kwanza, kwa Inuit hiyo sio desturi yao. Posho ipangwe kabla, iwe kwenye bahasha siku hiyohiyo, na usafiri juu yenu. Kama atataka kufukiza majani kabla ya kuanza, ongea na mwenye ukumbi mapema kuhusu alamu ya moshi, manake mkisubiri siku yenyewe mtaishia nje kwenye baridi mnasubiri zimamoto.

Duara lenyewe sasa. Watu kumi na mbili wakizidi sana, viti tu, meza hapana. Kitu cha kupokezana mkononi kiwe jiwe au kijiti cha kawaida, unyoya wa tai usiuguse, kwa mataifa mengi ni kitu kitakatifu, akija nao mgeni mwenyewe hiyo ni yake. Aliyeshika ndo anaongea, wengine kimya, ukitaka kupitisha unapitisha na hakuna wa kukuuliza kwanini. Hakuna kujibizana, hakuna kurekodi, hakuna picha za status. Kama mgeni anaongea Kiingereza na wengine hawakielewi, apatikane mkalimani mtu mzima (sio mtoto wa mtu, haya mambo ni mazito) na mgeni ajue mapema kuwa atakuwa anapumzika kila baada ya sentensi chache.

Maswali yawe mafupi na ya kujibika. Raundi ya kwanza: jina lako, na ulijua lini kuwa nchi hii ina wenyewe? Ya pili: katika tuliyosoma, nini kimekukaa moyoni? Ya tatu: utafanya nini kabla hatujakutana tena?

Shida itakuja raundi ya pili, jiandae. Kuna mtu atasema "sisi tumefika juzi, hatukumchukua mtoto wa mtu." Usimbishie na usimnyamazishe. Mwambie asante, alafu uliza duara zima: nyumba tunazopanga, shule wanazosoma watoto wetu, ziko juu ya ardhi iliyopatikanaje? Kisha nyamaza. Mwingine atasema "hata sisi tulitawaliwa, mbona tumesonga mbele." Hapa pana kitu cha maana kimejificha, manake kwenye duara lenu hamtakosa mtu aliyevalishwa kibao shingoni shuleni kwa kuongea kilugha, na hiyo ni njia ya kuelewa. Mwache asimulie. Ila ukiona mazungumzo yote yamehamia kwetu, rudisha taratibu: wengi wetu tulivuliwa kile kibao jioni tukarudi kwa mama, wale watoto hawakurudi jioni. Na kusonga mbele anaamua aliyeumizwa, sio sisi kumpangia ratiba, hasa akiwa amekaa palepale anawasikiliza.

Akilia mtu, msimrukie wote na tishu na Biblia. Mmoja akae karibu yake, basi. Ipo laini ya simu ya saa 24 ya waliopitia zile shule na familia zao, namba iwe imeandikwa kwenye karatasi pale mlangoni, na mgeni aambiwe kuna chumba cha pembeni akitaka kutoka.

Majibu ya raundi ya tatu yaandike, maneno yao hivohivo. "Nitaelimisha jamii" usikubali, uliza utamwambia nani na lini. Kitu kidogo kinatosha, kwa mfano kumweleza mtoto kwanini shuleni wanavaa shati la chungwa tarehe 30 Septemba, kuwakumbuka watoto wa zile shule. Kikao kijacho mnaanza na hiyo karatasi. Katikati hapo mpigie mgeni simu, umuulize nini hakikukaa sawa, na akisema harudi tena msimbembeleze, mwombe tu kama kuna mwingine anayeona inafaa mkaongee naye.