Ndege ya mafunzo: pa kutazama kabla hujaruka

Anza na kiti. Wanafunzi wengi wa urubani hapa Dar hukimbilia propela, ilhali kwenye Cessna 152 na 172 kuukuu hatari imejificha chini ya makalio: matundu ya reli hulika, pini isizame. Ndege ikishika kasi ya kuruka, kiti hurudi nyuma ghafla, rubani akang'ang'ania usukani na kuuvuta bila kukusudia. Pua inapanda, mwendo unakufa, ndege inaanguka. Kaa, funga pini, kisha kisukume kiti mbele na nyuma kwa nguvu za miguu. Kikisogea, shuka. Usikubali kuambiwa “ndivyo kilivyo”.

Mafuta nayo. Kwa unyevu wa pwani, tangi lililolala nusu hutengeneza maji ndani hata kama mvua haikunyesha. Cessna 172S ina sehemu 13 za kuchotea: tano kila bawa, tatu chini ya pua. Chota zote. Avgas 100LL ni ya buluu, na maji hutulia chini yake kama shanga. Kikombe kizima kikiwa maji hutaona mpaka wowote, kwa hiyo tazama rangi, kisha unuse.

Ndege ikiegeshwa siku kadhaa pale Uwanja wa Julius Nyerere bila kifuniko cha pito, yaani bomba la kupimia mwendo, manyigu wanaweza kujenga ndani yake. Usichokonoe kwa waya, mwite fundi. Ukiwa mbioni kuruka, sindano ya mwendo isipoamka, simamisha ndege.

Magneto za 172S, yaani vifaa viwili vinavyotoa cheche za kuwasha injini, zipime kwa mizunguko 1800 kwa dakika, mojamoja. Mizunguko isishuke zaidi ya 150, na tofauti kati ya magneto hizo isizidi 50. Isiposhuka kabisa usishangilie: huenda waya wa kuzimia umekatika, na propela hiyo ikiguswa kwa mkono injini inaweza kuwaka.

Mtungi wa kuzimia moto: sindano iwe kwenye kijani. Mkanda uliochanika nyuzi ukingoni haufai. Ukivuka kwenda Zanzibar, vaa jaketi okozi tangu ardhini, ila ulijaze ukishatoka nje. Likijazwa ndani, maji yakiingia litakubana darini. Kitoa ishara za ajali, angalia tarehe ya betri. Cha 121.5 MHz pekee hakisikilizwi na satelaiti tangu Februari 1, 2009. Kinachotakiwa ni cha 406.

Kasoro yoyote iandike kwenye kitabu cha ndege. Ukimwambia mwalimu kwa mdomo tu, mwanafunzi wa saa nne atapanda bila kujua.