Kabla shule hazijafungwa tena: mambo ya kuweka sawa nyumbani

Tarehe 17 Machi 2020, siku moja tu baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini, shule zikatangazwa kufungwa. Watoto wetu hapa Ngamiani, Tanga, walirudi na mabegi yao wakidhani ni mapumziko ya siku chache. Wa shule za msingi walikanyaga tena darasani 29 Juni. Miezi mitatu na zaidi, na hatukuwa tumejiandaa. Tangu hapo Kagera imeshapata mlipuko wa homa ya Marburg mara mbili, 2023 na 2025, kwa hiyo msiniambie hayo yamepita. Jipangeni sasa, bahari ikiwa shwari.

Sabuni, ndoo ya koki, barakoa, unga, dawa za presha na kisukari za wazee za kutosha wiki kadhaa. Hayo mnayajua.

Ratiba iwepo. Mtoto aamke saa ile ile, afagie uwanja, asome hata ukurasa mmoja, acheze, alale mapema. Asipojua saa za siku yake, anakuwa mkorofi au anakuwa bubu, na yote mawili yatakushinda.

Habari sikilizeni mara moja au mbili kwa siku, kisha zimeni redio. Zile sauti za kutisha zinazosambazwa WhatsApp usizifungulie sebuleni. Mtoto anayechezea gari lake pembeni anasikia kila neno.

Namba andikeni ukutani kwa kalamu nene: 116 kwa mambo ya watoto, 199 ya Wizara ya Afya. Zote hupigwa bure.

Sasa hili nililojifunza kwa machozi. Mwanangu wa kati alikuwa darasa la tatu, mtoto wa mpira na baiskeli, asiyekalika ndani. Tuliishi na baba mkwe wangu, mzee wa zaidi ya miaka sabini, kisukari cha siku nyingi. Kila mtoto alipoushika mlango nilikuwa na neno moja: "Haya toka, umletee babu yako maradhi afe." Nililisema asubuhi, nikalirudia alasiri. Alikaa ndani siku mbili, ya tatu akachoropoka.

Katikati ya Ramadhani babu akafariki. Sukari ilipanda, na figo zilikuwa zimeshachoka. Daktari alitueleza vizuri, sisi wakubwa. Mtoto tulikuwa tumemkimbizia Makorora kwa mama yake mdogo, kama tunavyofanya siku zote msiba ukiingia, asione maiti. Aliporudi siku ya nne, kitanda cha kamba cha babu hakikuwepo tena barazani. Alipatazama pale pahali, akaingia ndani. Hakuuliza kitu. Nikasema moyoni afadhali, watoto husahau upesi.

Akaanza kunawa. Mwanzoni tulimsifu. Mpira akauacha mwenyewe. Kipande cha sabuni kikawa hakimalizi siku tatu, vifundo vya vidole vikapasuka mpaka damu, nami nikampaka mafuta ya nazi nikamwambia apunguze maji. Shule zilipofunguliwa mwalimu wake akaniita. Wenzake wakitoka mapumziko, yeye anakwenda kwenye ndoo na haondoki; hamgusi mtu, hali na mtu. Mwalimu alikuwa amekaa naye chini ya mwarobaini, akamuuliza taratibu, "Unaosha nini?" Akamjibu, "Ugonjwa niliomletea babu."

Magoti yaliniisha nguvu. Usiku ule nilitoa karatasi za hospitali nikamsomea kwa kidole: kisukari, figo. Nikamwambia, si wewe, mwanangu, mimi ndiye niliyekutisha, nisamehe. Haikuisha siku ile. Alirudia kuniuliza njiani, akila, usiku wa manane, na kila mara nilimjibu yale yale bila kuchoka. Tulikwenda naye kaburini akamsomea babu yake Fatiha. Vidole vilikuja kupona Septemba.

Kwa hiyo, mzazi, kifo cha mtu kisiwe kiboko chako cha kumtulizia mtoto. Mtoto wa umri ule anaamini kwamba kosa lake dogo linaweza kuua mtu. Asipoelezwa sababu ataitafuta mwenyewe, na mara nyingi atajikuta ni yeye. Kubalianeni mapema nani atamwambia msiba ukitokea, na atamwambia kwa maneno gani. Semeni "amefariki". Ukimwambia babu amelala, yeye ataogopa kulala. Ukimwambia amesafiri, atakaa barazani kumngoja. Mtajieni ugonjwa kwa jina lake. Akitaka kulia na wenzake matangani, mwacheni alie.

Walimu, nanyi. Wiki ya kwanza ya kufungua msianze na mtihani wa kufidia muda. Kaeni nao, muulizeni nani kapotelewa na nani. Na yule mwalimu wa ushauri nasaha asiwe ndiye huyo huyo mwalimu wa nidhamu, maana hakuna mtoto atakayemwendea kumfungulia moyo mtu aliyemchapa jana. Watoto wamjue kwa jina na wajue anapokaa, kabla ya balaa.

Mengine: mtoto akishinda nyumbani, ujue anashinda na nani, hata kama ni ndugu. Anayekojoa kitandani ghafla asipigwe. Mama, ukiona nawe huli wala hulali, mwambie jirani au shoga yako, usijifungie. Baba aliyekosa kibarua asiachwe peke yake na mawazo yake. Na jioni, kabla taa hazijazimwa, angalia nani hajatamka neno tangu asubuhi, ukae naye.