Upweke ndani ya ndoa: namna ninavyoukabili kwa simu, majirani na gunia la mboga

Haya nawaandikia kwanza wake wa madereva wa masafa, maana ndiyo maisha ninayoyajua. Mume wangu anaendesha lori kutoka Dar es Salaam kwenda Lubumbashi, Kongo, na mimi naishi Kihonda, Morogoro. Akitoka bandarini na mzigo anasimama Msamvu, nampelekea nguo safi na chakula kwenye hotpoti. Tunaongea dakika chache kando ya matairi huku tandiboi akikaza turubai, kisha lori linashika njia ya Mikumi. Mbele yake kuna Iringa, Makambako, Mbeya, Tunduma, halafu Zambia yote mpaka Kasumbalesa, mpakani na Kongo. Foleni za mpakani zikiwa mbaya, mwezi unakatika hajarudi.

Ila nikikaa na wenzangu, wanaonilalamikia sana si wake wa madereva. Ni wale ambao waume zao wanarudi kila jioni, wanakula, wanashika rimoti au simu, wanalala. Na wapo wanaume pia, wanaorudi nyumbani wakakuta mke na watoto wana stori zao, wao wanasalimiwa tu na kutengewa chakula. Haya nitakayosema yanawahusu wote.

Anza kwa kujua unakosa nini hasa. Ukisema "najisikia mpweke" umesema kweli, lakini hujampa mwenzako cha kushika. Kaa peke yako jioni moja ujiulize: nakosa mtu wa kuongea naye? Nakosa wa kunisaidia kazi? Nakosa kuguswa? Au nakosa mtu wa kuniuliza siku yangu imekwendaje? Jirani yangu mmoja alikuwa na hakika kwamba mumewe hampendi tena. Tulipokaa tukaongea vizuri, kilichokuwa kinamuumiza ni kumuuguza mama mkwe peke yake, usiku na mchana, wala hakuna aliyemuuliza kama amelala. Hilo lina namna yake ya kulisema, na lina msaada wake: wifi mtu aje mwisho wa wiki, baba watoto akeshe na mama yake usiku mmoja. Angeendelea kusema "hunipendi", mume angebaki anakana tu.

Ukishajua, liseme kwa sura ya jambo linalofanyika. Badala ya "hunijali", mwambie, "Nataka Jumatano na Jumapili tule mezani pamoja, televisheni izimwe." Badala ya "siku hizi umebadilika", mwambie, "Ukirudi kazini, kaa na mimi jikoni kidogo kabla hujaoga." Mtu anaweza kukubali hilo, au akakataa akatoa sababu, na hapo mmeshaanza kuongea.

Wakati wa kusema nao una uzito wake. Dereva aliyeshuka kwenye lori leo, miguu imevimba na masikio bado yanavuma injini, usimpe shauri siku hiyo. Mimi huiacha siku ya kwanza ipite, alale. Jioni namwambia, "Mume wangu, nina jambo, si ugomvi. Kesho baada ya chai naomba tuongee." Kumpa taarifa kunampa nafasi ya kujiandaa, na kunanipa mimi nafasi ya kupunguza maneno. Usilizungumze mbele ya mama mkwe wala mbele ya watoto, na usilipeleke kitandani usiku wa manane, kwa sababu mtu aliyeamshwa hujibu chochote ili arudi kulala.

Kwa tulio mbali na wenzi wetu, simu ina taratibu zake. Zambia na Lubumbashi saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, kwa hiyo mkipanga kuongea saa tatu usiku, semeni ni saa tatu ya nani. Ugomvi mwingi wa "nilikupigia hukupokea" unaanzia hapo. Usimpigie akiwa kwenye kona za mlima Kitonga. Mfahamu ratiba yake, mpigie akiwa amepaki. Ujumbe wa sauti unafaa kuliko kupiga, kwa sababu atausikiliza akipata nafasi na ataurudia akiwa peke yake kwenye foleni. Ufanye mfupi, uwe na jambo moja: mtoto wa mwisho ameng'oka jino, mvua imebomoa kona ya ukuta, shangazi amepita anakusalimu. Pesa ziwe na ujumbe wake mwingine. Mwanaume ambaye kila simu ya nyumbani ni gesi imeisha na mchango wa shule hufika mahali anaiogopa simu yenyewe, na wewe ukadhani anakukwepa wewe.

Halafu kuna watu wengine. Hili nalisema kwa nguvu kwa sababu tulilelewa kuamini kwamba ukiolewa umemaliza, mume ndiye rafiki, ndiye ndugu, ndiye kila kitu. Hakuna binadamu anayeweza kuubeba mzigo huo. Mimi niko kwenye kikoba cha akina mama wa mtaa wetu. Tunakutana kila wiki kuweka hisa, lakini nikiri kwamba fedha ni nusu tu ya kinachonipeleka. Nusu nyingine ni kukaa kwenye mkeka na watu wanaojua jina langu, wakanicheka nikichelewa. Kwa mwingine itakuwa jumuiya, kwaya, au darsa la akina mama msikitini. Ndani ya hao mchague mmoja wa kumwambia ya ndani, awe mtu ambaye hujawahi kumsikia akileta siri za mwingine kwako. Na mwangalie sana mwanaume anayekufariji kwa simu usiku wakati mumeo yuko mbali. Huanza kwa salamu na pole. Ukiona unafuta meseji zake, jibu unalo, kata mawasiliano.

Kabla sijafika kwenye udongo, kuna mambo ambayo bustani haiyatibu na sitaki mtu ayasubirishe. Ikiwa huzuni imekukalia zaidi ya wiki mbili, usingizi umepotea au umezidi, chakula hakipiti, vitu ulivyovipenda havikugusi tena, hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona ni ugonjwa unaotibika. Nenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya, sema hivyohivyo unavyojisikia. Ikiwa yanakuja mawazo ya kufa, nenda leo, na uende na mtu. Ikiwa unapigwa, huo si upweke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mwanandoa hana haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto kwa ajili hiyo. Yupo pia afisa ustawi wa jamii. Na kama mmefika mahali maneno hayaendi kabisa, yapo mabaraza ya usuluhishi wa ndoa, ya kata na ya kidini. Watu wengi huyaona kama mlango wa talaka, lakini kazi yake ni kusuluhisha, na unaweza kwenda wakati bado kuna cha kusuluhisha.

Sasa gunia.

Nalipenda gunia kuliko tuta kwa sababu nyumba zetu nyingi za kupanga zina uwanja wa kuanikia nguo tu, na pia kwa sababu gunia huwezi kulijaza vizuri peke yako. Anahitajika mtu wa kushika mdomo wa gunia na mtu wa kumwaga. Hapo ndipo namna yangu yote ilipo. Mume mkimya ukimkalisha kwenye kochi ukamwambia "tuongee", anakauka. Mpe kazi ya mikono mkiwa bega kwa bega, macho yenu yote yako kwenye udongo, na baada ya muda ataanza kusema mwenyewe. Mwanzoni atasema habari za mawe na kopo la kujazia gunia. Usiharakishe. Mjibu habari za mawe na kopo.

Tafuta salfeti la kilo 100, lile la mpunga. Kunja mdomo wake kwa nje mara mbili tatu ili lisimame. Andaa udongo mweusi wa juu ndoo tatu kwa ndoo moja ya samadi ya ng'ombe, na ukiwa na mfinyanzi mzito ongeza mchanga kidogo. Samadi iwe imeoza: ukiichukua mkononi haina joto, haina ule ukali wa harufu, inavunjika kama udongo. Mbichi itaunguza mizizi, na ya kuku ni kali zaidi. Kisha chukua kopo la mafuta la lita 5, likate juu na chini libaki bomba. Weka tabaka la udongo chini ya gunia, simamisha kopo katikati, jaza mawe madogo au kokoto ndani ya kopo, na udongo pembeni yake mpaka ulingane. Vuta kopo juu taratibu, mawe yatabaki yamesimama. Jaza tena mawe, jaza udongo, vuta. Endeleeni hivyo mpaka juu. Ile nguzo ya mawe ndiyo njia ya maji. Ukimwagia juu tu bila nguzo, miche ya chini itakauka huku ya juu ikioza.

Mwagilia siku kadhaa udongo ushuke, ongeza palipopungua. Ndipo utoboe matundu ubavuni, ukianzia shubiri moja kutoka chini, na kati ya tundu na tundu uache shubiri moja na nusu. Usiyapange kwenye mstari mmoja wa wima, salfeti litachanika. Yapishanishe. Miche ya sukuma wiki iwe imekaa kitaluni kama wiki nne. Ipandikize jioni, mizizi ikielekea chini, na ukandamize kwa kidole gumba pasibaki hewa. Matembele hayana shida: kata vipande vya shina, vilaze kivulini siku moja, vichomeke. Juu ya gunia weka vitunguu vya majani au nyanya moja.

Kama moyo wako hauna subira, na mpweke mara nyingi hana, weka pia kijituta cha mchicha chini, hata cha upana wa mlango. Mbegu zake ni ndogo mno, changanya na mchanga mkavu kabla ya kusia zisirundikane. Ndani ya wiki tatu hadi nne unachuma. Wakati wa masika zifunike kidogo kwa nyasi, maana mvua kubwa ya Morogoro huzikusanya zote kona moja.

Maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa kumwagilia, ya sabuni hapana. Ukigeuza jani ukakuta vidukari, twanga majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha, chuja, weka sabuni ya mche kidogo, nyunyiza jioni. Konokono huokotwa usiku kwa tochi, kazi ambayo watoto wangu wanaigombania. Kuku wa jirani wazuie kwa chandarua kilichochakaa.

Mboga zikianza kutoka, usizile zote wenyewe. Fungu la mchicha ndilo limeniingiza kwenye nyumba za mtaani kwetu ambazo kwa muda mrefu tulikuwa tunapeana salamu za barabarani tu. Huhitaji sababu ya kwenda kwa mtu ukiwa na mboga mkononi. Unapiga hodi, unasema zimezidi, unakaribishwa kiti.

Na mume akiwa njiani, gunia linawapa habari. Mtumie picha ya tundu lile alilopanda yeye. Wangu akiwa Zambia hula nshima, yaani ugali wao, kwa mboga yao ya repu, inayofanana na sukuma wiki, na tangu awe na miche yake nyumbani huniambia inavyopikwa, na kama bei imepanda. Nasikiliza hadithi ya repu kwa utulivu wote, kwa sababu baada yake huja nyingine: jinsi alivyolala, mwenzao aliyepinduka, anavyowaota watoto.

Usimalize kazi zote za bustani kabla hajarudi, hata kama una nguvu. Mbakizie moja inayotaka watu wawili: kumwaga gunia lililochoka na kulichanganya upya na samadi, kusimamisha nguzo za nyanya, kuhamisha kitalu. Na kwa mume anayelala nyumbani kila siku ni vilevile, ila wewe utaipangia Jumamosi asubuhi, ukimwambia tangu Alhamisi. Hivi sasa nimebakiza kivuli cha miche. Makuti yapo, miti minne ipo, yeye yuko Nakonde, upande wa Zambia wa mpaka wa Tunduma, anasubiri kuvuka. Jana nimemtumia vipimo, akanijibu nisichimbe mashimo mpaka afike, maana nitayaweka karibu mno na ukuta.